Vyungu Vitatu vya Nyamhanga

Nyamhanga Machage aliingia jikoni kwa Wahindi akiwa kijana wa kupasua kuni, akatoka huko mtu mzima mwenye mvi, akiamini kwamba hakuna ugonjwa usioanzia kwenye sufuria. Duka lilikuwa la Bwana Kanji, pale Tarime mjini, nguo mbele na nafaka nyuma. Lakini mkuu wa Nyamhanga hakuwa Kanji. Alikuwa mama yake Kanji, bibi mfupi wa sari nyeupe ambaye nyumba nzima ilimwita Ba, na ambaye hakuitikia salamu ya mtu kabla hajautazama ulimi wake.

"Toa ulimi," Ba alimwambia siku ile ya kwanza.

Nyamhanga alidhani ndivyo watu wanavyoandikishwa kazi mjini, akautoa wote. Ulikuwa mweupe kama umepakwa unga. Ba akasikitika, akampa kijiko cha shaba na kumwonyesha jinsi ya kuukwangua, kisha akamletea kikombe cha maji ya moto. Nyamhanga alisubiri majani ya chai na sukari. Havikuja.

Kuanzia hapo bibi yule alimfundisha kila alichofundishwa yeye na mama yake huko Bara Hindi. Amka kabla ya jua. Kula chakula kikubwa mchana, kwa sababu tumboni mna moto unaopanda na jua na kushuka nalo. Tafuna kipande cha tangawizi kabla ya kula. Tumbo usilijaze kama gunia. Nusu iwe chakula, robo maji, na robo iliyobaki iache wazi chakula kipate pa kugeukia. Paka nyayo mafuta kabla ya kulala. Na usizuie kinachotaka kutoka mwilini, kiwe chafya, mwayo, au hewa ya tumbo. Nyamhanga alipokwenda likizo kijijini, wazee wa ukoo waliyakataa mafundisho yote isipokuwa hili la mwisho, ambalo walilipokea siku hiyohiyo.

Kubwa kuliko yote lilikuwa lile la watu watatu. Ba alisema kila binadamu huzaliwa na tabia ya mwili wake. Yuko vata, ambaye ni upepo: mwembamba, mikono baridi, maneno mbio, usingizi haba. Yuko pita, ambaye ni moto: akili kali, hasira karibu, nywele zinamkimbia mapema. Na yuko kafa, ambaye ni maji na udongo: mkubwa, mpole, anatembea kama barabara ni yake. Chakula kinachomjenga mmoja kinamvuruga mwingine. Mpishi asiyewajua watu wake, alisema Ba, anapika kipofu.

Kisha ikaja miaka ile Wahindi wengi walipofunga maduka wakaondoka. Siku ya safari, gari likiwa limekwisha kupakiwa, Ba alishuka tena akamfuata Nyamhanga kibarazani. "Toa ulimi," alisema. Nyamhanga akautoa pale mbele ya watu wote. Ba akautazama kwa muda mrefu. "Safi," alisema, akarudi garini. Nyamhanga alibaki amesimama kibarazani huku ulimi ukiwa bado nje, machozi yanamtoka, mpaka mpita njia mmoja akamuuliza kama ameumwa na nyuki.

Alirudi kwao Nyamwaga wakati watu walipokuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Nyumba zilipangwa kwa mistari, mlango kwa mlango, na mtu aliyezoea kumwona jirani yake mnadani tu sasa alimsikia akikoroma. Kulikuwa na shamba la kijiji la mahindi, na siku za kazi ya pamoja watu walikula pamoja. Mwenyekiti wa kijiji, Simioni Waisiko, mtu mwenye bidii na kipara, alipouliza nani aliwahi kupikia watu wengi, wote walimtazama Nyamhanga.

"Mura, mwanamume wetu, chungu ni chako," alisema Mwenyekiti.

Nyamhanga alikosa usingizi kwa furaha. Hatimaye alikuwa na watu wake wa kuwajua.

Alianza kuwapima mmojammoja. Wa kwanza alikuwa Werema, mfugaji mwenye mabega kama mlango, ambaye tangu utotoni hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Nyamhanga alimzunguka, akamshika mkono, akautazama ulimi.

"Hakuna shaka," alitangaza kwa sauti. "Werema kafa!"

Mokami, mke wa Werema, alikuwa kwenye foleni ya maji, na katika yote yaliyosemwa alisikia hilo tu. Alitupa debe akapiga yowe. Wanawake wakampokea, yowe likapita mstari wa kwanza wa nyumba, likapita wa pili, likashika njia ya Kemambo kwa wakwe. Werema, ambaye wakati huo alikuwa ameondoka polepole kwenda kumtazama ndama, alifika kwake jioni akakuta uwanja umejaa watu na mikeka. Akavua kofia kwa heshima, akaketi nyuma kabisa karibu na mzee mmoja, akamuuliza kwa kunong'ona, "Shikamoo, tata. Nani ametutoka?"

Mzee yule aliruka kutoka mkekani. Alikuwa anatafuta fimbo yake ili akimbie.

Baada ya hapo Nyamhanga aliacha maneno ya Ba akatumia Kiswahili kitupu. Upepo, moto, maji na udongo. Alidhani amemaliza matatizo.

"Maji na udongo," Werema alirudia, akifikiri. Werema alifikiri taratibu, lakini alifika. "Hiyo si ni tope?"

"Sikusema tope."

"Changanya maji na udongo uniambie ni nini."

Kuanzia siku hiyo watu wote wakubwa na wapole wa kijiji kile waliitwa Matope.

Siku ya kupalilia, watu walirudi kutoka shambani wakakuta vyungu vitatu vimepangwa. Ugali ulikuwa mmoja, lakini mboga zilitofautiana. Chungu cha Upepo kilikuwa na kunde zilizoiva zikalainika, samli inaelea juu. Cha Moto kilikuwa na majani ya maboga yaliyoungwa kwa maziwa, bila hata chembe ya pilipili. Cha Matope kilikuwa na mnavu mchungu na tangawizi nyingi, bila samli, na kijiko chake kilikuwa kidogo.

Mwenyekiti Simioni alikuwa amefurahi sana kuambiwa yeye ni moto. Alidhani ni moto wa uongozi. Alipoonja ile mboga ya maziwa, uso ulibadilika.

"Pilipili iko wapi?"

"Mwenyekiti, wewe tayari unawaka," alisema Nyamhanga kwa huruma. "Nikikuongezea pilipili tutakupoteza."

Kufikia siku ya kazi iliyofuata, kijiji kilikuwa kimepatwa na jambo la ajabu. Watu wote walikuwa Upepo. Wanaume waliobeba magogo juzi walikuja wamejikunyata ndani ya blanketi, wanatetemeka juani, wanaongea mbio na kusahau majina ya watoto wao. Werema mwenyewe alijaribu kukimbia ili aonekane mwepesi, akakanyaga jembe. Wote walipanga foleni mbele ya chungu cha samli, na Nyamhanga akawarudisha mmojammoja kwa kijiko cha mbao, akiwafokea, "Wewe ni Tope! Rudi kwenye mnavu!"

Hapo ndipo mkutano ukaitishwa.

Werema alisimama, akashika kiuno. "Ndugu Mwenyekiti. Tulihamishwa migombani kwetu tuje tuishi sawa. Leo Nyamhanga ameleta wa samli, wa maziwa, na wa mnavu. Hayo si matabaka?"

Watu wakaguna. Matabaka lilikuwa neno zito.

"Si matabaka, ni miili!" Nyamhanga alijitetea. "Mungu ndiye aliyewagawa. Mimi nimeandaa vyungu tu."

"Basi ungemwachia Mungu apike," alisema Mokami, ambaye hakuwa amesahau yowe lake.

Walibishana mpaka vivuli vikarefuka. Mwishoni Mwenyekiti alipigisha kura, na wakazi wakaazimia kwa mikono kwamba katika kijiji chao hakuna upepo, hakuna moto, wala tope, kuna mwanakijiji. Na kwamba kuanzia sasa chungu ni kimoja, na vitu vyote vya vile vyungu vitatu vitiwe humo, asipunjwe mtu.

"Vyote?" Nyamhanga aliuliza. "Maziwa pamoja na mnavu? Na kunde?"

"Na pilipili," alisema Mwenyekiti.

Robi, mke wa Nyamhanga, alimshauri siku hiyo aseme anaumwa. Lakini Nyamhanga alikuwa mtu wa nidhamu. Alipika kama mkutano ulivyoamua, akitikisa kichwa kila alipokoroga. Maziwa yalikatika vipandevipande, mnavu ukageuka rangi ya nyoka, samli ikapanda juu kama inataka kutoroka. Watu walikula kwa fahari, wakaongeza, na yeye akala sehemu yake kama mwanakijiji.

Asubuhi yake shamba la kijiji halikuona jembe hata moja. Usawa ulikuwa umefika. Wembamba kwa wanene, wapole kwa wakali, wote walikuwa wanakimbilia upande mmoja, Werema akiwa mbele kwa kasi ambayo kwao hawakuwahi kuiona. Na ndipo ilipojulikana kwamba choo cha Mwenyekiti, kile kizuri chenye mlango wa bati ambacho wageni wa wilaya huonyeshwa kama mfano, hakikuwa na shimo. Alikuwa amejenga kibanda tu, shimo akiliahirisha. Simioni alikwenda mbio mpaka kwa Nyamhanga, akagonga mlango wa choo kwa ngumi zote mbili.

"Nani humo?"

"Mpishi," ilijibu sauti dhaifu.

"Mura, toka! Ni amri!"

"Mwenyekiti," ilisema ile sauti, "Ba alisema kisizuiwe kinachotaka kutoka. Pita migombani."

Nyamhanga alipopata nguvu ya kusimama, alifanya alichofundishwa kwa mtu ambaye moto wa tumbo lake umezimika: moto hauwashwi tena kwa magogo, unaanzishwa kwa vijiti. Alipika uji wa mtama mwepesi kama maji, akatia tangawizi na chumvi kidogo, yeye na Robi wakaubeba nyumba kwa nyumba. Uji ulikuwa wa aina moja kwa wote. Werema aliunywa amelala chali, akauliza kama huu ni wa Matope. Nyamhanga alisema ni wa wagonjwa, anywe. Wakaangaliana, wakaanza kucheka, wakaacha haraka kwa sababu kucheka kulikuwa na hatari yake.

Upishi wa kijiji alipewa Gati, mwanamke asiyekuwa na elimu ya miili, ambaye alipika maharage na ugali mpaka kazi za pamoja zilipofifia. Nyamhanga hakununa. Aliona kwamba watu hawapendi kuambiwa wao ni nani mbele ya chungu, lakini wakiwa peke yao wanauliza. Mokami alikuja kuuliza dawa ya kukosa usingizi, akaambiwa apake nyayo samli ya uvuguvugu na asile nyama jioni. Akarudi kusema kwamba analala mpaka Werema anamgusa kuona kama yuko hai. Mwenyekiti alichimba shimo lake. Pilipili hakuiacha mpaka anazeeka, na hasira pia.

Aliyekuwa mgumu kabisa ni Robi. Miaka yote alikataa kupakwa mafuta, akisema yeye si chapati. Kisha jioni moja ya masika, ng'ombe wakiwa wamekwisha kuingia zizini, alirudi shambani miguu inamuuma, akainyoosha mbele ya mumewe. Nyamhanga alipasha samli. Alipokuwa anausugua mguu wa kushoto, alianza kumweleza taratibu kwamba nyayo ndizo mizizi ya mwili, na kwamba joto la mafuta hutuliza upepo, na kwamba kwa kumtazama kwa miaka hii yote ameona yeye ni mtu wa tabia mbili, moto kidogo na udongo mwingi, na udongo si tusi.

Robi alikuwa amelala, mdomo wazi. Nyamhanga alimsogelea, akainama, akautazama ulimi wake vizuri. Kisha akaendelea na mguu wa kulia.