Mama Alipokwenda Kuwatoa Watu Wawili

Kila nikipita karibu na nyumba ambamo maharage yanachemka juu ya kuni mbichi, moshi ule mzito unanirudisha Muheto, katika milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, juma lile Papa alipofungwa.

Papa yangu alikuwa mkulima. Shamba letu lilipakana na malisho ya tajiri mmoja aliyekaa mjini. Ng'ombe wake walichungwa na Habimana, mtu mpole mwenye koti refu la mvua, ambaye hakuwa na ndugu kijijini. Alitoka mbali, lugha yake haikuwa yetu, na majirani walitukataza sisi watoto tusimzoee. Siku moja ng'ombe jike mwenye mimba akapotea. Bila kuuliza sana, polisi walimkamata Habimana kwa kuwa ndiye mchungaji, wakamkamata na Papa kwa kuwa shamba lake lilikuwa jirani.

Vijana wa kwetu waliwaka hasira. Walitaka kukata waya wa malisho na kuchinja ng'ombe waliobaki; ikiwa Papa anaitwa mwizi bure, walisema, basi heri wizi uwe wa kweli. Mama aliwasikiliza mlangoni, mwiko mkononi, kisha akawaambia kama wanatamani sana kukata kitu, wakawakatie mbuzi wao nyasi. Akawaita akina mama wenzake wa kanisani. Waliomba kwa kifupi, maana sufuria ilikuwa jikoni, wakapanga nani atamsindikiza kwenye kasho, yaani kile chumba cha polisi cha kufungia watu.

Kila asubuhi tulishuka mlima na maharage na ndizi. Mfungwa alikula kile alicholetewa na watu wake, na Habimana hakuwa na mtu. Mama alikigawa chakula cha Papa palepale. Mimi, mwenye njaa ya safari, niliangalia maharage yetu yakienda kwa mtu wa mbali, nikanuna. Kesho yake Mama alipika sufuria kubwa zaidi. Na kila polisi aliyepita pale, Mama alimwuliza kwa upole: nani aliwaona wakiiba? Hakumtukana mtu, wala hakunyamaza. Komanda, mkuu wa polisi wale, alipoanza kumkwepa kwa mlango wa nyuma, aliwakuta akina mama wengine wamekaa huko wakisuka vikapu.

Mwishowe komanda akachoka. Akamtoa Papa, akasema aende zake, kila mtu anamjua kuwa ni Mkristo mzuri. Tayari nilikuwa nimemshika Papa mkono. Mama akabaki amekaa.

"Tulikuya juu ya bantu babili," alisema; alikuja kwa ajili ya wawili, si mmoja.

Komanda akamwuliza kama yule mchungaji ni ndugu yake.

"Hapana, komanda. Lakini hakuiba, sawa vile bwana yangu hakuiba. Kama hii mambo iko uongo kwa mumoja, iko uongo kwa bote."

Nilidhani sasa Papa atarudishwa ndani. Papa naye, badala ya kumvuta Mama twende, akakaa kando yake kwenye nyasi. Jua lilipanda. Halafu mlango ukafunguliwa, na Habimana akatoka akifinya macho kwa mwanga, koti begani.

Tulipanda mlima sote pamoja. Akina mama waliimba, na Habimana, asiyejua maneno, alipiga makofi akikosea mapigo, mpaka Papa akasimama njiani kwa kicheko. Baadaye ng'ombe aliyepotea alionekana bondeni, ananyonyesha ndama wake.

Kwa miaka mingi niliona kwamba Mama alicheza na bahati yetu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa: kumtoa Papa peke yake hakukuwa haki, kulikuwa upendeleo. Sisi tulikuwa na watu wa kutusemea, Habimana hakuwa nao, na uonevu wote ungebaki juu ya kichwa chake. Mama hakutaka tupone kwa njia hiyo.

Nilimwuliza juzi kama siku ile hakuogopa. Alisema aliogopa sana, ndiyo maana alikaa: miguu ilikataa kusimama.