Mke Mwenza wa Ndani ya Kioo

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, Fundi Meno alikwenda sebuleni, akainama mbele ya tangi la samaki na kugonga kioo kwa ukucha mara mbili.

"Umeamkaje, Bwana Mkubwa?"

Bunju wake, samaki mnene mwenye madoa mgongoni, alikuja mbio akijibandika kwenye kioo, akapanda na kushuka kwa furaha mpaka aangushiwe konokono watatu. Magamba yalivunjika kinywani mwake kama karanga. Baada ya hapo ndipo fundi alipoingia jikoni kumuuliza mkewe shati lake la kazini liko wapi.

Mkewe, ambaye wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Bi Mapovu, alilijua shati lilipo. Alijua pia kwamba yeye hajaulizwa ameamkaje.

Fundi alitengeneza meno ya bandia kliniki, na nyumbani alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. Kwa bunju tu ndiko ulimi ulikomfunguka. Hakuwa bunju wa baharini huyu, alikuwa wa maji baridi, na meno yake hayakukoma kukua. Kila baada ya miezi kadhaa fundi alimlegeza kwa matone mawili ya mafuta ya karafuu kwenye bakuli la maji, akamshika kwa kitambaa kilicholowa, akampunguza meno kwa koleo dogo la kazini. Bi Mapovu alisimama mlangoni akiitazama mikono ile. Jinsi ilivyokuwa laini! Alijaribu kukumbuka ni lini ilimshika yeye hivyo, kisha akaona heri aende akaoshe vyombo.

Wifi yake ndiye aliyemtia ndimu kwenye kidonda. Kila akija kuwasalimia, alivua viatu, akachungulia tangi na kuuliza, "Wifi, mke mwenza keshakunywa chai?" Bi Mapovu alicheka. Wifi alipoondoka, hakucheka tena.

Bi Mapovu alipostaafu, wenzake wa kazini walimpa zawadi ya samaki wanne wenye mikia mirefu kama shela. Alipofika nao nyumbani moyo ulikuwa mwepesi, maana hatimaye na yeye alikuwa na chake cha kuweka sebuleni. Fundi aliwatazama, akawasifu rangi, akasema hawakai pamoja na bunju. Basi. Hakueleza kwa nini, naye mkewe hakuuliza. Samaki wanne wakabaki kwenye bakuli la kioo kando ya sinki, wakipishana kama wagonjwa kwenye korido, na yule mmoja akaendelea kutamba peke yake kwenye tangi refu kama kitanda cha mtoto. Kwa Bi Mapovu maana yake ilikuwa moja tu: wa bwana wanakaa sebuleni, wa bibi wanakaa jikoni.

Wivu ulimkaba wiki tatu. Jumamosi moja fundi alipokwenda kazini, mkewe alipiga moyo konde. Hakuwa mjinga. Alifikiri kama mtu aliyelea watoto: mwenye njaa ndiye mgomvi. Kwa hiyo alimlisha bunju konokono mmoja baada ya mwingine mpaka tumbo likawa mviringo kama chungwa, kisha akawamimina wanne wake ndani.

Saa nzima alikaa kitini akiwatazama. Walisambaa tangi zima, mikia ikifagia maji, na bunju akatulia kwenye kona yake, jicho moja likienda huku, jingine kule. Bi Mapovu alijiona mshindi. Alisema kwa sauti, "Unaona? Nyumba ni ya wote," akatoka kuanika nguo.

Aliporudi na beseni tupu, shela zilikuwa zimekwisha. Watatu walikuwa wamebaki na vigutu, wakiogelea kwa kuyumba. Mwekundu, aliyempenda kuliko wote, alilala ubavu chini kwenye changarawe, hana mkia kabisa, kifuniko cha shavu kikipanda na kushuka. Vipande vyembamba vilielea. Hakuna kilicholiwa, bunju alikuwa ameng'ata tu.

Naye bunju alipomwona, alikuja mbio kwenye kioo. Alipanda, akashuka, akamtazama usoni kwa macho yote mawili, akimchezea yeye. Bi Mapovu aliinua mkono apige kioo, mkono ukakwama hewani. Kwa muda mfupi sana, na kwa aibu kubwa, alijisikia vizuri.

Fundi alirudi alasiri, akamkuta amesimama palepale. Alitazama tangi mara moja, akakunja mikono ya shati. Hakuuliza ni nani. Alijaza ndoo maji, akatia chumvi kidogo, akawatoa mmoja mmoja kwa wavu. Mwekundu alimchukua kwa kiganja. "Pole, mama," alimwambia samaki, kwa sauti ileile ya asubuhi. "Pole. Mkia utaota mwingine."

Hapo ndipo Bi Mapovu aliposhindwa. Alikuwa amejiandaa kwa makaripio, majibu yake yote yamepangwa. Hakuwa amejiandaa kuona hata samaki wake mwenyewe akipewa neno ambalo yeye hajalipata miaka mingi. Machozi yalimlenga.

"Baba," alisema, "hebu niambie kweli. Huyo bunju ana nini ambacho mimi sina?"

Fundi aliendelea kuitazama ndoo. Alijifuta mikono kwenye suruali, mmoja, kisha wa pili, kama mtu ambaye hakutegemea swali lakini jibu analo siku nyingi.

"Hana kitu," alisema. "Ila nikiingia, ananigeukia."