Makofi Yetu Kwenye Kalenda Yao

Redio ile ilikuwa nzuri kwa macho tu. Nyekundu, ina mkanda wa kubebea begani na antena ya kung'aa, na pale dukani Kasulu ilipowashwa ilitoa sauti mpaka wapita njia wakageuza shingo. Mama aliinunua kwa maharage yote ya msimu ule. Tulirudi nayo kijijini kwetu Busunzu juu ya lori la mizigo, yeye ameipakata kifuani, mimi nimeshika antena isigongwe na magunia. Miaka mingi imepita, na bado nikiona redio nyekundu mahali popote huwa nasonya.

Mama hakuitaka kwa muziki wala mpira. Aliitaka kwa ajili ya mjomba. Sisi tulivuka kutoka Burundi mimi nikiwa mgongoni, tukalima, tukazoea, tukawa watu wa hapa. Mjomba, kaka yake mkubwa na ndugu pekee aliyebaki naye, hakuzoea. Mwaka waliopiga kura kule kwao, watu wakasema mambo yametulia, naye akafunga kifurushi akaenda kuangalia shamba la babu. Hata msimu mmoja haukuisha, nchi ikawaka. Watu walimiminika huku kupitia vichakani, na kila aliyevuka Mama alimuuliza kama amemwona mtu mrefu, mwenye pengo mbele, anayetembea akichechemea. Hakuna aliyemwona.

Jioni, baada ya taarifa ya habari, kituo kimoja cha masafa mafupi kilikuwa kinasoma kwa Kirundi majina ya watu waliopoteana vitani. Fulani mwana wa fulani, wa kilima fulani, yuko kambi fulani, anamtafuta dada yake. Ukisikia mtu wako, unakwenda parokiani na padri anafikisha jibu lako. Mama mmoja wa kijiji cha Kumsenga alimpata mwanawe kwa njia hiyo, akatembea nyumba kwa nyumba akimwonyesha. Baada ya hapo kila aliyekuwa na ndugu aliyepotea alitaka redio, na redio iliyokuwepo madukani ilikuwa ile nyekundu.

Sasa sikieni ujinga wake. Ukiiwasha, inaongea vizuri. Ikishapata joto, sauti inazama, inahamia kwenye vituo vya Waarabu, inarudi kidogo, kisha inabaki kuunguruma. Na joto liliipata habari zikiwa zinaisha. Yaani ilitusomea bei ya kahawa na safari za mawaziri wa nchi tusizozijua, halafu msomaji akisema, "Na sasa majina," inakufa. Tulijaribu kuiwasha habari zikishaisha, lakini kukipata kile kituo kulitaka kuzungusha na kupigapiga kwanza, na kikipatikana tayari kifua cha redio kimeshachemka. Tuliiweka karibu na mtungi wa maji. Tuliifunga kitambaa kibichi. Tulianika mawe ya redio juu ya bati mchana kutwa ili yapate nguvu, maana betri sisi tuliziita mawe. Mama alikuwa akiweka sikio kwenye ule wavu wa spika na kusema, "Nyamazeni, nyamazeni," wakati sote tumenyamaza, kinachopiga kelele ni redio.

Kwanza kila nyumba ilidhani ni bahati yake mbaya. Baadaye, tukitoka misani, mmoja akalalamika, mwingine akadakia, kumbe ni zote. Zote! Busunzu, Kumsenga, Kibondo mjini, mpaka Kasulu. Tukaenda Kasulu kwa yule mzee wa Kiislamu aliyetuuzia, mtu wa asili ya Ujiji, mstaarabu, asiyeweza kukuambia neno kabla hajakuuliza hali ya watoto.

"Mama zangu," alisema, "mimi nami nimeuziwa kama mlivyouziwa. Nimewapigia simu wenye kiwanda Dar. Wanasema kosa si la redio, kosa ni la betri mnazotumia. Wanasema mtumie betri zao."

Na betri zao zilikuwepo, zimeletwa kwenye boksi jipya, nyekundu vilevile. Tulizinunua. Mpaka leo hili linanitia kichefuchefu kuliko yote: mtu anakuuzia kitu kibovu, ukilalamika anakuuzia kingine. Betri zao zilikufa sawasawa na zetu, pale pale kwenye majina.

Ndipo tukasikia mwakilishi wa kiwanda anakuja Kibondo na gari la matangazo. Wenye redio tukakubaliana twende wote, na mzee mmoja, katekista, akachaguliwa kuwa msemaji. Tulijaa uani mwa duka moja la pale, redio mikononi, wanawake mbele. Gari likaingia likipiga muziki. Akashuka kijana mnene mwenye miwani ya jua, na nyuma yake mwenzake amening'iniza kamera.

Hapa lazima nieleze, maana asiyetujua hataelewa. Kwa Waha, na kwa sisi tuliotoka ng'ambo ni vivyo hivyo, mgeni wa heshima haamkiwi kwa mdomo mtupu. Unainama, unapiga makofi polepole, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito, na unasema, "Mwidiwe." Hayo ni makofi ya shikamoo. Ukishamaliza, mgeni anaitikia, anakaa, ndipo mazungumzo yanaanza. Mtu akiwa na kesi nzito kiasi gani, hata awe amekuja kukushitaki, ataanza na makofi. Ndivyo tulivyolelewa.

Basi wanawake wote wakainama, wakapiga makofi. Mama alikuwa mbele kabisa, redio kaiweka miguuni.

Yule kijana akafurahi! Akainua mikono juu kama mgombea ubunge. Mwenzake akapiga picha huku, akapiga kule, akachuchumaa akapiga nyingine. "Asanteni, asanteni sana wana Kigoma!" akasema kwenye kipaza sauti. "Nimeona mnavyoipenda redio yenu! Kiwanda kitawaletea nyingine nyingi zaidi!" Akagawa kofia. Katekista alikuwa ndiyo kwanza anakohoa asafishe koo, na gari limeshawashwa. Tulibaki na vumbi na kofia nyekundu. Watu walitazamana wasijue kama wacheke, na katekista akasema labda ana haraka, atarudi.

Hakurudi. Ilirudi kalenda.

Niliiona ukutani Kasulu, kwenye duka la yule mzee wa Ujiji, nilipokwenda kununua nyuzi za cherehani. Picha kubwa, ya rangi. Mama yangu amekunja mgongo, macho chini, viganja vimekutana. Miguuni pake redio yetu. Na chini, kwa maandishi ya manjano: KIGOMA YASHANGILIA SAUTI SAFI. Damu ilinipanda kichwani. Mzee aliniona, akaishusha mwenyewe bila kuambiwa, akaikunja akanipa. Alisema amekuwa akiona aibu tangu boksi lilipofika, lakini hakujua aanzie wapi kutwambia.

Nilimpelekea Mama. Alijiangalia kwa muda mrefu, maana hakuwa amewahi kujiona kwenye picha kubwa namna ile.

"Wameandika nini?"

Nikamsomea.

"Kushangilia?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nilikuwa namwamkia," alisema. "Nilikuwa namwamkia tu."

Akatoka nje, akatema mate, akarudi akaendelea kuchambua maharage. Sikuwahi kumwona Mama akimwapiza mtu kabla ya siku ile na hakumwapiza yule pia, ila maharage yakawa yanaanguka nje ya ungo. Mimi nililia kwa hasira. Nilikuwa radhi watuibie redio kuliko kutuibia heshima yetu na kwenda kuuzia nayo uchafu wao.

Kilichofuata kilianzia kwa wafanyabiashara. Mzee wa Ujiji aliongea na wenzake wa Kasulu na Kibondo, wengi wakiwa Waislamu kama yeye, na wakakubaliana: hakuna anayepokea tena hata boksi moja, la redio wala la betri, mpaka kiwanda kije kusikiliza watu. Lori lilikuja na mzigo, likageuzwa na mzigo wake. Sisi nasi tukaacha kununua. Hatukujua kama wakubwa wa Dar wangejali. Walijali, maana lori kurudi limejaa si jambo dogo; wakatuma neno kwamba mwakilishi anakuja tena.

Kabla mwakilishi hajafika, Mama alizunguka vijijini na wenzake wawili. Hakuwa na hotuba. Aliingia kwenye nyumba, akaamkiwa, akaamkia, kisha akasema, "Akija yule mtu, mikono chini." Watu walishtuka. Mgeni asiamkiwe? Bibi mmoja alimuuliza kama ameingiliwa na wazimu. Mama akatoa kalenda, akaikunjua, na yule bibi akajiona yuko nyuma ya bega la Mama, nusu ya uso, naye anashangilia sauti safi. "Ego," akasema bibi, yaani ndiyo. "Mikono chini."

Alikuja yule yule, safari hii bila muziki, kamera ipo. Tulikuwa uani pale pale. Aliposhuka, hakuna aliyeinama. Sijawahi kusikia kimya kibaya kama kile, na nakiri kilitutesa sisi kuliko yeye. Yule bibi mikono yake ilianza kuinuka yenyewe kwa mazoea, jirani yake akaidaka na kuibana chini. Wengine walikuwa wameifunga ndani ya vitenge. Mwenye kamera aliinua, akatazama, akashusha, kwa sababu hapakuwa na cha kupiga.

Mzee wa Ujiji akamletea kiti. "Karibu, kaa, mwanangu," akamwambia. Kisha akafungua mbele yake boksi la betri za kiwanda, bado lina gundi yake, tukazitia kwenye redio zetu, tukazipanga juu ya mabenchi, tukaziwasha zote kituo kimoja.

Zikaongea. Uani kote, sauti moja ya mtu mmoja inatoka kwenye vifua vyote vile vyekundu, na kijana akatabasamu akaanza kutingisha kichwa kama wa kusema, si mnaona. Katekista akamwambia, "Tulia, mwanangu. Bado kupata joto." Tukakaa. Ya kwanza ikazama. Ya pili ikaenda kwa Waarabu. Zikafuatana benchi kwa benchi, na kila moja ilipokufa mwenyewe aliinua antena yake juu ili ionekane ni ya nani. Ya Mama ilikuwa ya mwisho. Ilipoanza kuunguruma, yule kijana aliishika, akaizungusha, akaigonga mgongoni kama tulivyokuwa tunaigonga sisi, jasho linamtoka.

"Basi, nimesikia," akasema.

"Umesikia nini?" bibi akamuuliza. "Mbona hakuna kinachosikika?"

Tulicheka, Mungu atusamehe, tulicheka mpaka mwakilishi naye akacheka kwa kukosa pa kuweka uso. Alipanda gari bila kugawa kofia. Haukupita muda mrefu lori likaja kuzikusanya redio zote, na zikarudi nyingine, za kijivu, nzito kidogo. Kalenda ziliondolewa kimyakimya. Hawakuomba radhi. Walisema wameleta toleo jipya kwa wateja wao wapendwa.

Ile ya kijivu, nisiseme uongo, ilikuwa redio. Ilisoma habari, ikasoma majina, ikamaliza, ikapiga muziki, haikukohoa. Mama akawa anakaa nayo mlangoni kila jioni, mkono shavuni, akisikiliza vilima vya kwao vikitajwa. Jina la mjomba halikusomwa. Alijipa moyo kwamba aliyekuwa hajasomwa atasomwa.

Kisha akaja mtu. Alikuwa kijana aliyevuka ziwa kutoka Zaire, makambi ya kule yalipovunjwa na vita. Alikuwa ameuliza njia ya Busunzu kuanzia Kasulu. Alisimama uani, akainama, akapiga makofi. "Mwidiwe, mama." Mama akaitikia, akamkaribisha kigoda. Redio ilikuwa imewaka, habari zinasomwa.

Alisema kule kambini alikaa hema moja na mtu mrefu, mwenye pengo, anayechechemea.

"Musaza wanje," alisema Mama. Kaka yangu.

Alisema mjomba, aliyekimbilia Zaire nchi ilipowaka, alipeleka jina lake redioni, na lilisomwa. Lilisomwa jioni tatu. Wao wenyewe kambini walikaa kwenye redio ya jirani wakamsikia akitajwa, yeye na baba yake na kilima chao, anamtafuta dada yake wa Busunzu. Wenye boti ya kuwavusha waliopoteana walitaka jibu la ndugu kwanza. Mjomba aliwaambia hemani, dada yangu amenunua redio, wasafiri wameniambia, atasikia. Akangoja jibu. Mvua ikaja ikaisha. Akasema basi, dada yangu amenichoka, na mimi simlaumu. Akafunga kifurushi akarudi Burundi kwenye shamba la baba yake, na waliokwenda naye njia ile hakuna aliyeonekana tena.

"Ilikuwa lini?" niliuliza mimi.

Akataja. Ilikuwa miezi ile ya kitambaa kibichi na mtungi wa maji. Miezi ya kalenda.

Mama hakulia. Alikuwa akitazama mikono yake. Ndani ya nyumba msomaji akamaliza habari, akasema, "Na sasa majina," akaanza kuyasoma, moja baada ya jingine, sauti safi kabisa, bila kukwama popote.

"Izime," alisema Mama.