Ngitili Aliyoilinda Dorotea

Kama kuna mtu kwetu Mwabulenga ambaye hakuhitaji kuchungwa, ni Dorotea. Yeye ndiye aliyewachunga wengine. Miaka kumi na minne alikuwa mlinzi wa ngitili, na kwa ambaye hajaishi Usukumani nitaeleza upesi nisije nikamchosha: ngitili ni malisho yaliyofungwa. Mvua za kwanza zikinyesha, kitongoji kinatenga eneo, nasi tulitenga kile kilima chote cha nyuma ya shule. Kuanzia siku hiyo ng'ombe haingii, mbuzi haingii, mtu haingii hata kukata fito. Majani yanaachwa yakue mpaka yamfike mtu kiunoni. Mwezi wa saba, kwingine kote kukishakuwa vumbi tupu, ngitili inafunguliwa na ng'ombe wanakula humo hadi mvua zirudi. Bila hiyo maksai hawana nguvu ya kuvuta jembe mwezi wa kumi na moja, na asiyelima mnajua anakula nini.

Mlinzi hachaguliwi kwa upole. Dorotea alichaguliwa kwa mdomo wake, na kwa sababu hamwogopi mtu. Ni mjane, mwembamba, mrefu, mali yake yote ni maksai wawili na jike mmoja, na akikukazia macho unakumbuka makosa yako ya tangu utotoni. Mwaka ule ndama wa Machibya alipopenya uzio wa minyaa akaingia ngitilini, Dorotea alimtoza Machibya mbuzi mbele ya watu. Na Machibya ni kaka yake, baba mmoja, mama mmoja! Mbuzi akachinjwa, kitongoji kikala, na Dorotea naye akala paja bila aibu. Machibya alinuna wiki nzima, kisha akacheka. "Dada yangu huyu," akasema, "hata marehemu baba angefufuka angemkamata."

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, watu wakitoka kanisani, wenye ng'ombe hukaa mbele ya nyumba ya mwenyekiti. Mlinzi huulizwa: nani ametumia ngitili? Husimama wima na kujibu: "Hakuna. Hakuna mguu ulioingia." Wanapiga kofi moja la pamoja, anakaa. Basi. Hakuna mshahara, hakuna cheti. Dorotea aliyatoa maneno hayo kwa miaka kumi na minne, kifua mbele, na sijui kama alikuwa na fahari nyingine duniani.

Machi ya mwaka huu, mvua ikinyesha karibu kila alasiri, wakaja watu wa mpango.

Sisemi hawakuhitajika. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likameza nyumba za ufukweni, watu wakatoka na magodoro kichwani. Baadaye vuli ikakataa, mahindi yakakaukia shambani. Kwa hiyo tuliposikia kuna mradi wa kutuandalia mpango wa kijiji wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, tulifurahi. Kiongozi wao, Dokta Josephat, mtu mstaarabu mwenye sauti ya taratibu, alisimama chini ya bati la ofisi ya kijiji akasema: "Zamani kila mtaalamu alikuja kivyake akaondoka kivyake. Safari hii taaluma zote zimekaa meza moja." Tukapiga makofi. Palikuwa na mhandisi wa maji, bwana misitu, mtu wa uvuvi, na binti mmoja wa masuala ya jamii aitwaye Precious. Bwana mifugo alikuwa kwenye orodha lakini gari lilijaa, wakasema atakuja awamu ya pili. Jamani! Unakuja Usukumani, unaacha nyuma mtu wa ng'ombe kwa sababu ya kiti cha gari! Nasi tuliokuwa pale, wafugaji wazima wenye ndevu, hakuna aliyeinua mkono kuuliza.

Kijiji kikawapa Dorotea awatembeze, kwa kuwa anaijua kila tuta na kila korongo. Siku nne alizunguka nao, na kila mmoja alikuwa na dodoso lake. Mhandisi akauliza wapi maji hayakufika kabisa mwaka ule wa 2020. Dorotea akanyoosha mkono: kilimani. Bwana misitu akauliza wapi miche ya miti inajiotea yenyewe. Kilimani. Mtu wa uvuvi akauliza tope linaloziba mazalia ya samaki linatoka wapi. Akamwambia linatoka kwenye mashamba ya ufukweni, kilimani udongo hautoki hata mvua inyesheje. Kila jibu lilikuwa kweli tupu. Waliandika, wakamsifu, na mhandisi akamwambia angekuwa amesoma angekuwa profesa. Dorotea alirudi nyumbani siku hiyo akiimba.

Siku ya nne ilikuwa ya Precious. Walikaa kwenye mkeka jikoni kwa Dorotea, wanamenya karanga. Binti mwenyewe hana majivuno, anakula kinacholiwa, anafua nguo zake mwenyewe. Ila alikulia Dar, na ng'ombe anamjua kwenye pakiti ya maziwa. Akauliza, kalamu mkononi:

"Mama, kile kilima cha nyuma ya shule, nani anakitumia?"

Dorotea alisimama. Karanga zikamwagika kutoka mapajani, na wala hakuziangalia. "Hakuna," akasema. "Hakuna mguu ulioingia."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mwezi wa kumi na moja."

"Hata wewe mwenyewe hukitumii?"

"Mimi tena? Mimi ndiye wa kwanza kutokanyaga!"

Precious akaandika yote, neno kwa neno, na Dorotea akafurahi kuona maneno yake yanaingia kwenye karatasi ya mjini. Haikumjia hata chembe kuongeza kwamba Julai inafunguliwa. Angeongezaje? Nani asiyejua? Ni kama umwambie mtu kwamba ukifunga chungu unga usiingie vumbi, unanuia siku moja kuupika. Binti naye hakuuliza, maana fomu yake haikuwa na mstari wa kuuliza hilo. Wakaagana kwa kukumbatiana.

Mwanzoni mwa Juni wakarudi na ramani kubwa ya rangi, wakaitundika ukutani. Mkutano mkuu wa kijiji, watu wamejaa hadi nje. Dokta Josephat akasoma. Alipofika kwenye kilima, akasema: eneo la wazi, halijawahi kufurika, miche inaota, udongo imara, halina matumizi. Kwa hiyo nusu yake watagawiwa viwanja walioondolewa na maji, na nusu nyingine itakuwa msitu wa kijiji, mifugo isiingie kwa miaka ishirini.

Vigelegele vilipigwa na watu wa ufukweni mpaka bati likatikisika. Dorotea alikuwa amesimama zamani. "Hiyo ni ngitili!" akapaza sauti. "Dokta, hiyo ni ngitili yetu! Ng'ombe watakula wapi?"

Josephat hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alifungua karatasi akasema kwa upole: "Mama, hapa tumekunukuu wewe mwenyewe. 'Kwa mujibu wa mlinzi wa eneo, hakuna mtu anayelitumia, yeye mwenyewe akiwemo.' Ulisema hivyo au hukusema?"

"Nilisema, lakini—"

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

Nyuma kabisa Machibya akainuka, uso umemsawijika. "Ulinitoza mbuzi kwa ajili ya ndama mmoja," akamwambia dada yake mbele ya watu wote. "Leo umeitoa ngitili nzima na hata kuku hukutozwa." Wengine wakacheka, kicheko kibaya. Dorotea akajaribu kueleza kufunga na kufungua, akachanganya maneno, jasho linamtoka. Ndipo akasimama Modesta, mwanamke aliyekuwa na nyumba ya matofali ufukweni, na tangu maji yaichukue analala na watoto wanne kwenye stoo ya shemeji yake.

"Mama Dorotea," akasema, bila kelele, "ng'ombe wako wana zizi. Mimi wanangu nawalaza juu ya magunia mwaka wa tano huu. Useme wewe niende wapi."

Dorotea alikaa. Modesta hakuwa mwongo. Kura zikapigwa kwa mikono, na wasio na ng'ombe ni wengi kuliko wenye nao siku hizi. Ikapita. Mwenyekiti wetu, ambaye kila mwaka ng'ombe wake walikuwa wa kwanza kuingia ngitilini, aligonga muhuri akiangalia viatu vyake.

Dorotea hakukata tamaa. Mwishoni mwa Juni alivaa gauni la kanisani, akapanda basi, akavuka daraja la Busisi, ambalo lilikuwa limefunguliwa majuzi tu, wala hakulitazama. Ofisi ya mradi ilikuwa mjini, mtaa wa Mirongo, ghorofani. Walimpokea vizuri, soda wakampa. Bwana misitu akamwambia: "Mama, mimi niliandika kuhusu miti tu, na miti ipo." Mhandisi akamwambia: "Mimi nilipima mwinuko, na mwinuko uko sahihi." Mtu wa uvuvi akasema yeye kilima hakimhusu hata kidogo. Kila mmoja alifungua sura yake kumwonyesha, na kila sura ilikuwa ya kweli. Dorotea akawauliza, "Sasa aliyesema ngitili ni bure ni nani?" Wakapekua tena kurasa zao. Hawakuwa wakimficha mtu. Hayupo aliyesema. Walikaa meza moja, kila mtu akala sahani yake, wakainuka.

Precious ndiye pekee aliyemfuata mpaka kwenye ngazi. Macho yalikuwa mekundu. "Mama, nisamehe. Sikujua kuna kufungua." Dorotea akamwambia, "Basi rudi ndani ukaandike sasa." Binti akamweleza haiwezekani. Mpango ulikuwa umeshapitishwa wilayani, umeshachapishwa na picha ya Dorotea mwenyewe kwenye jalada la mbele, anacheka, mkono umenyooshwa kuelekea kilimani. Ulikuwa unapelekwa kwenye warsha kama mfano wa kazi shirikishi. "Mapitio ni baada ya miaka mitano," akasema Precious. "Nitahakikisha ngitili inaingia."

"Miaka mitano," Dorotea akasema. "Mwanangu, mwambie na ng'ombe afunge miaka mitano."

Akashuka ngazi. Soda aliiacha haijafunguliwa.

Julai ikafika. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa kilimani, kamba nyeupe zimevutwa, Modesta na wenzake wanafyatua matofali. Majani yale ya kufika kiunoni, yaliyolindwa miezi minane, yalifyekwa yakachomwa moto kusafisha viwanja. Yalichomwa! Dorotea alisimama barabarani akitazama moshi, na Modesta, maskini, alikuja akampa mkono wa kumshukuru, maana maneno ya Dorotea yaliyosomwa mkutanoni ndiyo yaliyompa kiwanja. Dorotea akaupokea. Afanyeje? Jumapili ya kwanza ya Agosti hakuna aliyekaa mbele ya nyumba ya mwenyekiti. Watu walitoka kanisani wakapita moja kwa moja, na waliompita Dorotea walikuwa na haraka ghafla.

Ng'ombe walianza kukonda mbavu zikahesabika. Wakala mabua, wakala majani ya migomba ya kuomba, wakaanza kutafuna mifuko ya plastiki. Mwisho wa Agosti maksai mmoja wa Dorotea alilala zizini asiinuke. Aliitwa Mabula, naye alilima shamba lile miaka tisa. Dorotea alimwekea maji mdomoni kwa kikombe siku mbili. Siku ya tatu akamfunika kwa turubai, akalia kwa sauti, na hakuna jirani aliyekuja kumpa pole.

Machibya alipoteza saba. Ilipofika katikati ya Septemba akaamua kuhama na waliobaki, ng'ombe kumi na mmoja, kuelekea Biharamulo hadi Kakonko kutafuta majani, mzee wa miaka sitini na minane, na fimbo na kigodoro. Kwetu ndugu akihamisha mifugo huchukua na ya dada yake. Haombwi. Dada humleta mnyama njiani, kaka humpokea kamba, yanakuwa yameisha.

Asubuhi ile Dorotea alisimama njiani mapema, amemshika kamba maksai aliyebaki. Jike alikuwa ameshafungwa mtini nyuma yake. Alikuwa amemfungia kaka yake viazi na karanga kwenye kitambaa. Kundi likaja taratibu, vumbi jembamba, Machibya nyuma yake.

"Shikamoo, kaka," Dorotea akasema.

Machibya akapita.

"Kaka, shikamoo!" Alisema kwa nguvu mpaka majirani wakachungulia. Hakuna shikamoo ya mara ya tatu. Maksai, aliyewanusa wenzake, akaichomoa kamba mkononi mwake akakimbilia kundini kwa furaha, akajipenyeza katikati. Kwa dakika moja Dorotea alidhani yameisha. Kisha Machibya akageuka. Akaingia kati ya ng'ombe wake, akamtenga yule maksai kwa fimbo, kofi la mgongoni, kofi la pajani, akamsukuma nje ya kundi mpaka alipogeuza kichwa kurudi kwa Dorotea. Hakumtazama dada yake usoni. Akawaswaga wake kumi na mmoja, wakaishika njia ya Geita.