Siku Chatu Alipoachwa Peke Yake

Nimesimama kwenye majukwaa mengi, mengine yana mapazia mazito na taa za kukutoa jasho, lakini hakuna lililonipa raha kama trela la trekta la Segese. Ukiniuliza uigizaji wangu ulianzia wapi sikutajii chuo. Nakutajia trela hilo, ambalo wiki moja kabla lilikuwa limebeba pamba na bado lilikuwa na vishada vyeupe vimenasa kwenye mbao.

Ilikuwa Sabasaba, miaka ya sabini ikiwa bado michanga. Mimi nilikuwa msichana wa Ushirombo, mtoto wa katekista, sina mume, sina kazi ya maana, nina mdomo tu. Mdomo huo ulijulikana tangu utotoni, maana kwenye mchezo wa Noeli pale parokiani nilipewa nafasi ya Herode baada ya wavulana wote kuogopa kuwa mfalme muuaji. Nilifoka mpaka watoto wa mstari wa mbele wakakimbilia mapajani mwa mama zao. Wengine huzeeka bila kujua wanachokitaka duniani. Mimi nilijua siku ile ile, nikiwa nimevaa kanzu ya kuazima iliyokunjwa kiunoni isiniangushe.

Kikundi cha maigizo cha Shinyanga mjini kilipopita kutafuta vijana, nikakifuata. Baba aliridhia shingo upande, kwa sharti kwamba nikae kwa mama mdogo. Tulicheza Mwadui kwa wafanyakazi wa mgodi wa almasi, tukacheza Kahama, tukacheza kwenye maghala ya pamba, nami siku zote nilikuwa jirani au muuza pombe. Kisha mwalimu wetu, mtu wa Tanga aliyesomea kazi hiyo Dar es Salaam, akanipa nafasi kubwa: mke ambaye mumewe ametoroka usiku na kukimbilia machimbo ya dhahabu Rwamgasa, pamba ikiwa haijavunwa. Akaniambia pia kwamba watu wa filamu huko Dar walikuwa wanatafuta mwanamke anayeongea kama watu wa bara wanavyoongea. Nikiweza kuwashika watu wa Segese, ataondoka nami.

Siku ya mchezo asubuhi nikamwona baba anashuka kwenye baiskeli, koti lake la kaki limejaa vumbi la njia nzima. Nilipiga goti nikamwamkia. Aliitikia vizuri, akauliza afya ya mama mdogo, kisha akasema amekuja kunichukua. Alikuwa amesikia habari za Dar, na safari hiyo hakuitaka.

"Anayelia kwa mchezo," aliniambia, "siku ya msiba atalia na nini? Maliza huo mchezo wako. Kesho tunakwenda nyumbani."

Nilimwomba angalau aje anitazame. Akasema ataona.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mwalimu wetu, kwa elimu yake yote ya pwani, hakulijua. Kwetu ngoma haichezwi peke yake. Makundi mawili hupiga ngoma uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji ndio waamuzi. Hawapigi kura wala makofi, wanahama tu kwa miguu yao. Lenye watu limeshinda, na lililobaki na vumbi limeshindwa. Kwa hiyo katibu wa tawi la chama, kwa nia njema kabisa, alikuwa ametutafutia wapinzani: kundi la ngoma ya nyoka, tena lenye manju, kiongozi wa ngoma, aliyevuma mpaka Geita.

Mwalimu alipoona ngoma zinashushwa upande wa pili wa uwanja alikwenda kulalamika. Katibu alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwalimu, mkicheza peke yenu, sisi tutajuaje kama mnajua?"

Basi tukaanza. Mwanzo ulikuwa mtamu. Watu walituzunguka kwa sababu trela lilikuwa kitu kipya, wakamcheka mume wangu alipokuwa anapakia sururu kwa kunyata. Kisha ngoma zikalia kule, na manju akaingia na chatu shingoni, mnene wa kumshinda mtu kumbeba. Watoto wakaondoka kwanza. Vijana wakafuata. Mama mmoja wa mbele, ambaye alikuwa ameanza kunionea huruma, alinyanyua kigoda chake akaenda bila hata kugeuka nyuma. Tukabaki na wazee wawili waliosinzia, mbwa mmoja, na katibu, ambaye alibaki kwa ajili ya cheo.

Mwalimu alikuwa nyuma ya turubai tulilotundika kwenye trela, ananong'ona nipaze sauti. Nilipaza, nikawa namlilia mume wangu kwa mbwa. Hapo nikaona ng'ambo ya uwanja mgongo wa koti la kaki. Baba yangu, katekista, ambaye kila Jumapili alitukataza kusogelea mambo ya nyoka na waganga, alikuwa mstari wa mbele kabisa kwenye chatu.

Nilikasirika. Haikuwa hasira ya mke wa kwenye mchezo, ilikuwa yangu mwenyewe, ya moto. Kesho ningerudi kulima, sitaiona Dar, sitaiona filamu, na aliyekuja kunichukua hata hakunitazama! Nikasema liwalo na liwe. Nikachukua jembe langu la mchezo, nikaruka chini kutoka kwenye trela.

Nilikatiza uwanja huku bado mimi ni yule mke. Nilimsimamisha kila niliyekutana naye. Nikamuuliza kijana mmoja kama hajamwona mwanamume mwenye sururu, nikamuuliza muuza karanga. Nikawapigia kelele watu wa nyuma kwamba pamba yangu inaanguka shambani na wao wanatazama mnyama ambaye hana hata mikono ya kuvuna. Kicheko kikaanza pembeni kikaingia katikati. Mama mmoja akanijibu kwamba hata wa kwake amekwenda huko huko Rwamgasa, tumfuate pamoja, na akaungana nami kweli. Migongo ikaanza kugeuka. Manju aliona, akaongeza ngoma, kama mshindani yeyote mwenye akili. Watu wakanipisha njia, na mwisho wa njia hiyo nikakuta koti la kaki.

Baba akageuka. Nikapiga goti, kwa kuwa ndivyo binti anavyofanya, na ndivyo pia mke anayetafuta mume angefanya mbele ya mzee asiyemjua. Hakuna aliyejua kwamba ni baba yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba yangu, namtafuta mume wangu. Ameniacha na mavuno. Hukumwona?"

Nilitazama vidole vyake vikichezea kifungo cha koti. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyaita. Angesema neno moja tu la kawaida, inuka, mwanangu, acha upuuzi, na kila kitu kingekwisha pale pale.

"Nimemwona," alisema kwa sauti ile ya kusomea Injili. "Amepita hapa na sururu begani. Ana mwendo wa mwizi. Inuka, mayu, nikuonyeshe alikojificha."

Mayu kwetu ni mama, na ndivyo mzee anavyomwita mwanamke yeyote kwa heshima. Akanipokea jembe, akaliweka begani, akatangulia. Ee, laiti mngeuona uwanja ule! Watu walitufuata kama ng'ombe wanaokwenda majini, wanasukumana, wanauliza yuko wapi, yuko wapi. Mama wa kigoda alirudi na kigoda chake. Baba alipanda trela bila kukaribishwa, akaingiza mkono nyuma ya turubai, akamtoa mume wangu kwa ukosi wa shati kabla zamu yake haijafika. Kijana wa watu alikuwa anatafuna muhogo. Mwalimu alishika kichwa. Baba alimpa yule mume mahubiri juu ya mavuno na ndoa ambayo hayakuandikwa popote, mimi nikadakia, mume akajitetea huku mdomo umejaa, na Segese nzima ikamzomea kwa furaha. Upande wa pili chatu alibaki na mwenye chatu.

Tulipomaliza, manju alikuja na adabu zote za mtu aliyeshindwa kihalali. Aliniuliza kwa sauti ya chini dawa yetu ya mvuto tumeitoa kwa mganga gani. Nikamwonyesha baba. Katekista wa watu alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimefunga mzigo wangu kama nilivyoagizwa. Baba alikuwa anafunga wake kwenye baiskeli, kamba akiikaza polepole. Nilimletea wangu, hakuupokea.

"Jana, pale ulipopiga goti," aliuliza, "ulilia kweli au kwa mchezo?"

"Vyote viwili, baba."

Alifunga fundo la kamba.

"Basi machozi unayo ya kutosha. Nenda. Ila yule mume wako ni mvivu, huko uendako watafute mwingine."

Nilikwenda. Filamu ile niliicheza, na baada yake nyingine, na majukwaa ya kila namna. Lakini watu wa kwetu waliiona ile ya kwanza miaka kadhaa baadaye, pale gari la sinema lilipokuja Ushirombo na kutandika shuka jeupe uwanjani. Nilikuwa nimekuja likizo, nimekaa chini kati ya mama na baba, naona aibu na fahari kwa pamoja. Kwenye filamu mimi ni mama anayemtafuta mwanawe aliyepotea sokoni. Uso wangu ukajaa shuka zima, nikatazama huku na huku, nikauliza kama hakuna aliyemwona.

Baba akainuka taratibu, mkono kwenye mkongojo, akalielekea shuka.

"Nimemwona, mayu," alisema. "Yuko hapa, amekaa na mama yake."