Nyuki Kwenye Mto Niliouchora

Nawasimulia hili kwa sababu ninyi ni watu wangu, na nisiposimulia mimi atawasimulia mtu mwingine kwa kuongeza chumvi, maana hapa Songea bado wapo wanaoniita Dada Asali, na wakiniita hivyo sokoni mimi huinamia nyanya nikajifanya nachagua.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vimeanza kurudi madukani, kila mwenye kamtaji kake anafungua kitu, na Mama Devota wa Mjimwema akafungua gesti. Alikuwa ameona picha zangu mbili tatu, akaniambia nimchoree moja kubwa ya ukumbini, ikipendeza nitachora za vyumba vyote. Mimi bado binti, naishi kwa shangazi, na baba yangu, mkulima wa tumbaku kule Namtumbo, akiulizwa habari zangu anasema niko mjini natafuta kazi. Udongo kwake ulikuwa wa kulima, basi. Kwa hiyo nilipomwalika kwenye ufunguzi na akakubali, usingizi ulinipaa.

Nilichora mto Ruvuma pale unapoanzia, Matogoro, kauzi kembamba ka maji kwenye ukungu wa alfajiri. Nilikuwa napanda mlimani kungali giza giza, nakaa kwenye umande mpaka kanga inalowa, sichori kitu, nasikiliza tu, na nikirudi nyumbani picha imeshajaa kichwani, mkono unaifuata wenyewe kama mtu anayetembea usingizini. Rangi nilitengeneza mwenyewe, udongo mwekundu, udongo mweupe wa bondeni, masizi ya sufuria (shangazi alidhani nimegeuka mtu wa usafi), vyote nasaga, nachuja kwa kitambaa, nakoroga na utomvu wa mti ili vishike kwenye hadibodi. Na asali kidogo, kijiko tu, ili rangi isikakamae ikapasuka.

Sasa asubuhi ya sherehe nafika gesti nakuta mto wangu umepasuka katikati, nyufa kama za kisigino. Nikakoroga rangi nyingine haraka haraka, na badala ya kijiko nikamimina asali karibu kikombe kizima, asali ya porini, bado inanukia maua, nikaupaka mto wote upya. Ukang'aa kama maji kweli. Nikajipongeza.

Wageni wakaja, majirani, walimu, padri wa kubariki nyumba, na baba ndani ya koti lake la kanisani. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Akaitazama picha, akaenda kukaa nyuma. Mama Devota akanisimamisha mbele ya watu, akasema, "Eufrazia, hebu waeleze wageni, haya mambo unayatoa wapi?"

Hapo ningesema maneno mawili nikakaa. Lakini ukumbi ulikuwa umetulia, madirisha yako wazi, jua linaingia jeupe kama maziwa, na mimi nilitaka baba asikie kitu kikubwa. Nikasema picha hazitoki kwangu, zinanijia. Nikasema natumia udongo na maji na pumzi yangu, hakuna kingine (asali sikuitaja, niliona itanifanya nionekane mpishi). Halafu nikasema, "Nitawaonyesha ninavyofanya. Fumbeni macho, nami nafumba. Twendeni wote Matogoro."

Nikafumba. Nikawapandisha mlima, nikawapitisha kwenye nyasi zenye umande, nikawafikisha kwenye ukungu ambako mtu haoni hata mkono wake, na kadiri nilivyosema ndivyo nami nilivyozidi kwenda, mpaka nikasikia mvumo wa chini chini, mtamu, unatoka kila upande.

"Mnausikia mto?" nikauliza. "Mimi nausikia."

Hakuna aliyejibu, nikaona ni heshima. Kiti kikaburuzika, kingine kikaanguka, nikajua yupo aliyezidiwa na hisia. Kisha Mama Devota akaninong'oneza kutoka mbali, "Eufrazia, taratibu, mwanangu. Taratibu." Nikaelewa kwamba nakimbiza maneno. Basi nikapunguza mwendo, nikaanza kuwaeleza jiwe moja moja.

Nilipofumbua macho, viti vilikuwa vitupu. Wageni walikuwa nje, vichwa vimejaa madirishani, wananipungia mikono nitoke. Nikageuka kuitazama picha. Mto wote, kuanzia mlimani mpaka chini, ulikuwa umefunikwa na nyuki, wanatembea juu ya wenzao, wanameremeta, na niseme kweli, kwa kitambo kidogo sikuogopa, maana ule mto ulikuwa unatiririka, na mimi sikuwahi kuuchora vizuri namna ile.

Ndipo nikamwona baba. Amekaa palepale nyuma, mikono juu ya magoti, macho ameyafumba kama nilivyosema, peke yake. Nikanyata, nikamgusa bega, akashtuka, na nyuki aliyekuwa kwenye kola ya koti akamchoma sikio. Tukatoka mbio, mimi na mzazi wangu, tukaikumba meza ya chakula, sinia la pilau likatufuata hadi barazani.

"Umeweka nini kwenye hiyo picha?" Mama Devota akaniuliza mbele ya wote.

"Asali, mama."

"Si umesema udongo na maji?"

Padri akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Wakafukiza moshi mpaka kuta mpya zikawa za kijivu, nyumba ikabarikiwa kutokea uani, na habari ya picha za vyumbani haikuzungumzwa tena.

Nilimsindikiza baba stendi, sikio limevimba kama andazi, nasubiri aniambie nifungashe nguo nirudi kupalilia tumbaku. Nikamwambia, "Nisamehe, baba."

Akatembea kidogo. "Nilikuwa nimefika pale majini," akasema. "Hata viatu nimeshavua. Ungeniacha kidogo."

 Tangu siku hiyo nimejiwekea kwamba nikiulizwa natumia nini navitaja vyote, hata vya jikoni, na kufumba macho mbele za watu nimeacha kabisa, labda kanisani, na huko nako huwa nachungulia kidogo kuhakikisha wenzangu bado wapo.