Dobi Aliyejitoa Kwenye Zamu ya Mgahawani

Jogoo wa jirani hajawika bado, lakini kitunguu cha dobi huyu kimeshaingia kwenye mafuta.

Anapika akiwa amechuchumaa kizingitini, kifua wazi, taulo begani. Jiko haliwezi kuingia ndani, maana ndani ni chumba kimoja tu, na kitandani amelala mwanawe wa kiume, miguu huku, kichwa kule. Mkewe, mfanya usafi wa hospitalini, ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku. Amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni.

"Usikoroge sana, yatapondeka maharage hayo," anasema huku amefumba macho.

"Wewe lala. Umeniachia jiko, niachie na mwiko."

Anaonja kwa kiganja, anaongeza chumvi kidogo, anaonja tena. Maharage yalichemka jana jioni. Leo ni kuyaunga tu na kuyafungia kwenye mkebe, wali chini, maharage juu, kabeji pembeni. Mkebe unafungwa ndani ya kipande cha blanketi kuukuu ili ufike mchana ukiwa na uvuguvugu.

Mkebe huo ndio uliomletea jina. Kazini kwake, mwanamume huyu wa miraba minne, mwenye ndevu zilizojaa na mikono iliyobabuka kwa mvuke, anaitwa Mama Jikoni. Anaitika.

"Mwanzo niliudhika," anasema. "Baadaye nikajiuliza, hivi jikoni kuna aibu gani? Mbona wote wanakula?"

Amepiga pasi kwa miaka mingi katika duka la dobi linalofua mashuka na vitambaa vya meza vya mahoteli. Hapo kuna desturi aliyoikuta. Mchana ukifika, wafanyakazi watano huvuka barabara pamoja hadi mgahawa wa ng'ambo. Mmoja huwalipia wote. Kesho yake hulipa mwingine, hadi zamu izunguke.

Kwa kuitazama, ni desturi nzuri ya undugu. Tatizo ni kwamba hakuna anayetaka kuonekana mchoyo siku ya zamu yake.

"Ukiagiza maharage siku yako, watakuimba mwezi mzima," anaeleza. "Kwa hiyo huyu akinunua kuku, na mimi nanunua kuku na soda. Yule anaongeza chipsi. Tunashindana kwa pesa ambazo hakuna aliyenazo."

Hakuwahi kuona ubaya wake mpaka jirani wa mlango wa pili alipohama. Mama mwenye nyumba alimpitia akamuuliza kama anakitaka kile chumba, akamtajia kodi. Dobi akatikisa kichwa, akasema hana uwezo huo. Alipokuwa akitembea kwenda kazini, akaanza kujumlisha: mgahawa wa mchana, chai ya gengeni asubuhi, soda ya jioni. Alipofika mlangoni mwa duka akasimama. Karibu theluthi ya mshahara wake ilikuwa ikiishia tumboni nje ya nyumba yake. Kodi ya kile chumba ilikuwa ndogo kuliko hiyo.

Hapo sauti yake inashuka.

"Nina binti," anasema. "Alipofika miaka kumi na miwili niliona haya. Msichana mkubwa, analala nyuma ya pazia, upande wa pili baba na mama. Nikampeleka kwa dada yangu, mji mwingine. Mwaka wa pili huu. Nilimtoa mtoto wangu nyumbani kwa kukosa chumba, kumbe chumba chenyewe nilikuwa nakila."

Siku ile ile, kengele ya mchana ilipolia, wenzake wakavua aproni. Yeye akabaki ameketi.

"Vipi, unaumwa?" akauliza fundi wa mashine, anayeitwa Spana, rafiki yake tangu siku ya kwanza ya kazi.

"Mzima. Leo siendi. Na kesho siendi. Nitoeni kwenye zamu."

"Zamu yako si Alhamisi? Anakimbia Alhamisi huyu!"

"Alhamisi nitawalipia, maana nimeshakula vyenu. Baada ya hapo, basi. Nitakuwa nakuja na chakula cha nyumbani."

"Shemeji kakupikia?"

"Napika mwenyewe."

Wanasema kicheko kilisikika hadi mgahawani. Spana alishika kiuno. "Jamani, huyu kalishwa limbwata! Mtu mzima na ndevu zake, anakaangishwa vitunguu!"

"Kama limbwata ndilo linaloleta chumba," dobi akajibu, "nipikieni sufuria nzima."

Alhamisi aliwalipia, kuku na soda kama ilivyo ada. Kuanzia Ijumaa akala peke yake. Ila kosa la kwanza alilifanya upesi, na ni kosa ambalo angelifanya mpiga pasi tu. Hakupenda kula baridi. Nyuma ya mashine yake linapita bomba la mvuke, moto kama jiko. Akaupachika mkebe juu ya bomba, kifuniko kimebanwa sawasawa, akaendelea na kazi.

Mkebe ukavimba. Kisha ukalipuka.

"Tulidhani mashine imepasuka, tukakimbia," anasimulia Spana. "Kurudi, tunamkuta Mama Jikoni kasimama, ana punje ya harage kwenye ndevu. Na vitambaa vya hoteli, vyeupe pe, vina mchuzi."

Bosi hakucheka. Alimwambia mbele ya wote kwamba chakula ni marufuku ndani ya duka, na kwamba mgahawa upo ng'ambo kwa ajili ya watu wenye akili zao.

Dobi hakuomba msamaha kwa kirefu. "Vitambaa nitavisafisha. Kitakachonishinda nitakilipa," alimwambia. "Ndani sitaleta chakula tena. Lakini mgahawani sirudi, bosi. Hiyo utanisamehe."

Akavitoa nje kimoja kimoja. Maji baridi kwanza, maana maji ya moto hulifungia doa la mchuzi ndani ya nyuzi, halafu sabuni ya kipande, akisugua kwa kidole, halafu jua. Vingi vilitakata. Vitatu vilikataa. Vikakatwa kwenye mshahara wake, na akiba yote ya mwezi wa kwanza ikaenda na maji.

Jioni hiyo mama mwenye nyumba, ambaye dobi alikuwa amemrudia kumwomba amshikie chumba mpaka akusanye kodi, alikuwa akimsubiri. "Baba, mimi nakuheshimu. Ila kuna mshona nguo anakiulizia hiki chumba kila siku, na pesa anazo mkononi. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao."

Mwingine angerudi ng'ambo ya barabara, akaketi mezani na wenzake, akasahau. Yeye alirudi nyumbani akakata zaidi. Chai ya gengeni ikafa. Anakunywa ya nyumbani kabla ya kutoka. Soda ikafa. Usiku huo akamgeukia mkewe.

"Na wewe, mama, zile chipsi zako za getini hospitali."

"Chipsi zangu zimekukosea nini?"

"Hazijanikosea. Zimemkosea mtoto."

Mkewe anakiri kwamba alinuna siku mbili. Siku ya tatu akachukua mkebe wake mwenyewe. "Ila nilimwambia ukweli," anasema. "Kama ni kubeba alichopika yeye kila siku, basi aache kuunguza wali."

Sasa dobi anakula nyuma ya duka, katikati ya kamba za mashuka, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Upepo ukivuma mashuka humpiga usoni. Spana alianza kuja huko wiki iliyopita, mikono mfukoni.

"Mama Jikoni, leo kuna nini?"

"Nenda kwenye kuku wako."

"Nionjeshe bwana, kijiko tu."

"Onja. Lakini hapa hakuna zamu. Kesho njoo na chako."

Kesho yake Spana alivuka barabara na wenzake kama kawaida. Hajabadilika, wala hafichi kinyongo. "Mtu umekula naye meza moja miaka yote, halafu siku moja anainuka," anasema. "Hata kama ana sababu, unahisi kakutukana."

Dobi anamsikia, anafuta kijiko. "Ananidai meza," anasema. "Mimi nadaiwa mtoto."

Mwisho wa mwezi ulipofika, kodi ilitimia, na mshona nguo akatafuta pengine. Chumba kipya kina dirisha moja na sakafu ya saruji. Dobi ameshaweka kitanda cha mbao alichonunua kikiwa kimetumika, na shuka amelipiga pasi mwenyewe, limenyooka kama karatasi.

Limebaki jambo moja, na hilo halinunuliwi. Dada yake hataki kumwachia mtoto.

"Ameshazoea kwangu," alimwambia kwenye simu. "Hapa anakula vizuri. Huko utampa nini, kaka? Maharage?"

"Maharage, ndiyo. Na yakiisha nitapika mengine."

"Nani apike, wewe?"

"Mimi. Mpe mtoto simu."

Binti akaipokea. Kisha akauliza, "Baba, hicho chumba kina mlango wake?"

"Kina mlango. Na ufunguo utakaa nao wewe."

Jumamosi hii dobi atapanda basi la kwanza. Dada yake amesema haijaisha, watakaa wazungumze. Yeye anasema yuko tayari kuzungumza hata kutwa nzima, lakini tiketi za kurudi ameshazinunua. Ni mbili.